Nani Amwambie Nani? Historia ya Kuunganisha Vijenzi vya Kiolesura katika Programu za Wavuti, 1979–2020

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna watunzi wa programu za kompyuta walivyoshughulikia tatizo moja kati ya mwaka 1979 na 2020: mtumiaji anapobadilisha sehemu moja ya kiolesura, sehemu nyingine zinazoitegemea zipateje habari? Hoja kuu ni kwamba historia hiyo haieleweki vizuri ikisomwa kama orodha ya zana zilizofuatana. Inaeleweka ikisomwa kama mabishano marefu juu ya haki ya kusema, yaani nani anaruhusiwa kumwambia nani kwamba jambo limebadilika. Kila kizazi kilichoruhusu sehemu za kiolesura ziambizane moja kwa moja kiliishia kutafuta mahali pamoja pa kuuhifadhi ukweli. Kwa kutumia mfano wa fomu za maeneo ya utawala katika Afrika Mashariki na Kati, makala yanaonyesha kwamba uamuzi huo wa kiufundi huacha alama katika kumbukumbu za umma, na kwa hiyo unawahusu pia washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Mfano wa fomu ya usajili katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo unatosha kulifungua suala hili. Fomu ina orodha kunjuzi tatu: mkoa, mji na komini. Anayejaza akichagua mkoa wa Haut-Katanga, orodha ya pili inapaswa kumwonyesha miji ya Lubumbashi na Likasi. Akichagua Lubumbashi, orodha ya tatu inapaswa kumwonyesha komini za mji huo, ambazo mojawapo inaitwa Kenya. Kisha mtu huyo anagundua kwamba amekosea mkoa. Anarudi juu na kuchagua Lualaba.

Iwapo orodha ya pili haikupata habari ya badiliko hilo, skrini itaonyesha Lubumbashi ndani ya Lualaba. Iwapo orodha ya pili imepata habari lakini ya tatu haikupata, kutakuwa na mji wa Kolwezi wenye komini ya Kenya. Na iwapo neno “Kenya” litahifadhiwa peke yake, bila mji wala mkoa wake, atakayeisoma kumbukumbu hiyo miaka kumi baadaye atadhani kwamba ni jina la nchi. Hakuna mtu aliyedanganya na hakuna mashine iliyoharibika. Kilichokosekana ni habari kufika mahali pake kwa wakati wake.

Istilahi nne zitatumika. Kijenzi ni sehemu ya kiolesura inayojitegemea kwa kiasi fulani, kama vile orodha, kitufe au jedwali. Tukio ni taarifa kwamba jambo limetendeka: kitufe kimebonyezwa, chaguo limebadilika, jibu limefika. Msikilizaji ni kipande cha msimbo kilichowekwa kulingoja tukio fulani. Hali ni jumla ya thamani ambazo programu inazikumbuka kwa wakati fulani. Vijenzi vilivyounganishwa ni vile ambavyo hali ya kimoja huamua kile ambacho kingine kinaruhusiwa kuonyesha.

2.0 Oslo na Palo Alto: Tatizo Kabla ya Wavuti

Tatizo hili ni la zamani kuliko wavuti. Trygve Reenskaug, mtaalamu wa Norwe aliyekuwa amefanya kazi katika mfumo wa kusanifu meli uitwao Autokon, alikwenda mwaka 1978 kuwa mtafiti mgeni katika kituo cha Xerox PARC, Palo Alto, Marekani. Huko alijiunga na kundi lililokuwa likiendeleza lugha ya Smalltalk. Alichukua pamoja naye swali lililotokana na upangaji wa miradi mikubwa: mpango mmoja wa kazi hutazamwa kwa sura nyingi, mara kama mchoro wa shughuli, mara kama orodha ya tarehe, mara kama jedwali la rasilimali. Msimamizi akiisogeza kazi moja katika sura mojawapo, sura nyingine zitajuaje?

Katika waraka mfupi wa Desemba 1979, Reenskaug alitenganisha mambo matatu: kielelezo, ambacho hubeba maarifa yenyewe, mwonekano, ambao huyaonyesha, na kidhibiti, ambacho hupokea matendo ya mtumiaji. Uzito wa mgawanyo huo haukuwa katika majina yake bali katika katazo lililokuwa ndani yake. Mionekano haikupaswa kuambizana. Katika mfumo wa Smalltalk-80 uliofuata, kila mwonekano ulijiandikisha kuwa mtegemezi wa kielelezo. Kielelezo kikibadilika, kilitangaza tu kwamba kimebadilika, bila kujua ni nani wanaosikiliza. Kila mtegemezi ulikwenda wenyewe kuuliza kilichobadilika na kujichora upya.

Mwaka 1994 Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides waliuweka utaratibu huo miongoni mwa ruwaza 23 za usanifu katika kitabu chao kilichosomwa sana, wakauita ruwaza ya mtazamaji. Pamoja na kuusifu, waliandika onyo. Kwa kuwa watazamaji hawajuani, badiliko dogo linaweza kuzua mfululizo wa mabadiliko mengine ambao hakuna aliyeutazamia. Onyo hilo lingethibitika miaka ishirini baadaye, mahali ambapo waandishi hao hawakuwa wakipatazama.

3.0 Kivinjari Chajifunza Kusikia, 1995–2000

Wavuti uliopendekezwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha CERN mwaka 1989 ulikuwa wavuti wa nyaraka. Fomu ilipoingizwa humo, mtumiaji aliijaza yote, akaituma kwenye seva, kisha seva ikamrudishia ukurasa mpya. Kwa mfano wa Kongo, kuchagua mkoa kulimaanisha kutuma ukurasa mzima na kungoja mwingine wenye orodha ya miji. Njia hiyo ilikuwa ya polepole, lakini ilikuwa na sifa moja ambayo baadaye ingetafutwa kwa taabu: seva peke yake ndiyo iliyosema. Vijenzi vya ukurasa havikuweza kutofautiana kwa sababu vyote vilitoka kwenye chanzo kimoja kwa pamoja.

Mwaka 1995 Brendan Eich wa kampuni ya Netscape alitengeneza kwa siku kumi mfano wa kwanza wa lugha ambayo ingejulikana kama JavaScript. Toleo la pili la kivinjari cha Netscape, lililotoka rasmi mwaka 1996, liliwawezesha waandishi wa kurasa kuambatisha maagizo kwenye kijenzi: orodha hii ikibadilika, fanya hivi. Hapo ndipo vijenzi vya wavuti vilipoanza kuambizana bila kupitia kwenye seva, na vilifanya hivyo kwa namna iliyo nyepesi kuliko zote, yaani moja kwa moja. Orodha ya mikoa ilibeba ndani yake maagizo juu ya orodha ya miji.

Wepesi huo una gharama inayoweza kuhesabiwa. Iwapo kila kijenzi kinaweza kukiambia kila kingine, vijenzi 3 vina njia 6 za mawasiliano, lakini vijenzi 10 vina njia 90. Kuongeza kijenzi cha kumi na moja kunaweza kumlazimu mwandishi kuvigusa vyote vilivyotangulia. Fomu ndogo zilivumilia. Fomu za ofisi zenye makumi ya sehemu hazikuvumilia.

Wakati huohuo vivinjari vyenyewe havikukubaliana juu ya njia ambayo tukio linapaswa kupita. Mwaka 1997 toleo la nne la Netscape lilifanya tukio lishuke kutoka juu ya ukurasa kuelekea kwenye kijenzi kilichoguswa. Toleo la nne la Internet Explorer la Microsoft lilifanya tukio lipande kutoka kwenye kijenzi kwenda juu. Shirika la viwango vya wavuti, W3C, lilipotoa pendekezo lake la matukio tarehe 13 Novemba 2000, lilizikubali njia zote mbili: tukio hushuka, hufika, kisha hupanda. Internet Explorer haikuufuata utaratibu huo hadi toleo lake la tisa la mwaka 2011. Kwa zaidi ya muongo mmoja, msimbo wa kusikiliza matukio uliandikwa mara mbili.

Hata hivyo, wazo la tukio kupanda liliacha urithi wenye manufaa. Kijenzi kilichobeba vingine kiliweza kusikiliza kwa niaba ya vyote vilivyomo. Orodha ya miji haikulazimika kuijua orodha ya komini. Zote zilitoa taarifa kwa fomu iliyozibeba, na fomu ikaamua. Katazo la Reenskaug lilirudi kwa mlango mwingine: ndugu hawaambizani, humwambia mzazi.

4.0 Umbali na Wakati, 1999–2010

Hatua iliyofuata iliingiza kitu kipya katika tatizo, nacho ni wakati. Mwaka 1999 Microsoft iliweka katika toleo la tano la Internet Explorer uwezo wa ukurasa kuomba data kwenye seva bila kujipakia upya, uwezo uliobuniwa kwa ajili ya huduma yake ya barua pepe. Gmail ilipotokea mwaka 2004 na Google Maps mwaka 2005, umma uliona kinachowezekana. Februari 2005 Jesse James Garrett aliupa utaratibu huo jina la Ajax.

Kwa fomu za maeneo, faida ilikuwa dhahiri. Kenya, chini ya Katiba ya mwaka 2010, ina kaunti 47, maeneo bunge 290 na wadi 1,450. Haina maana kuupakia mti wote huo katika kila ukurasa. Inatosha kuomba wadi za eneo bunge lililochaguliwa. Lakini ombi huchukua muda, na maombi mawili hayalazimiki kurudi kwa mpangilio yaliyotumwa. Mtumiaji akichagua Haut-Katanga, kisha haraka akachagua Lualaba, jibu la Lualaba linaweza kutangulia na la Haut-Katanga likafuata na kulifuta. Kila tukio limesikika, kila msikilizaji ametimiza wajibu wake, na bado skrini inaonyesha miji ya mkoa usiochaguliwa.

Hapa jiografia inaingia katika historia ya programu. Ajax ilipopata jina, pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa bado haijaunganishwa na nyaya za chini ya bahari. SEACOM ilianza kazi Julai 2009, TEAMS ikaunganisha Mombasa na Fujairah mwaka huohuo, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo mawasiliano ya kimataifa yalitegemea zaidi satelaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, ambapo swali na jibu lake huchukua kama nusu sekunde njiani kabla ya seva kufanya chochote. Ombi linapokaa njiani kwa muda mrefu, nafasi ya ombi jingine kulipita huongezeka. Programu iliyojaribiwa karibu na seva yake huko California ingeweza kuficha kasoro ambayo ingejitokeza Kampala au Bujumbura.

Dawa zake zilijulikana mapema: kila ombi lipewe namba, na jibu la namba iliyopitwa litupwe; orodha tegemezi ifutwe na kufungwa papo hapo mzazi wake anapobadilika, bila kungoja jibu. Maktaba ya jQuery, iliyotolewa na John Resig mwaka 2006, ilizificha tofauti za vivinjari na kurahisisha kazi ya kusikiliza matukio. Lakini haikusema popote ni wapi ukweli unapaswa kukaa. Mara nyingi ulikaa katika skrini yenyewe: ili kujua mkoa uliochaguliwa, msimbo uliiuliza orodha. Ukweli na picha yake vilikuwa kitu kimoja.

5.0 Kutoka Pande Mbili hadi Upande Mmoja, 2010–2020

Mwaka 2010 ulileta jitihada kadhaa za kuvitenganisha. Backbone ya Jeremy Ashkenas ilirejesha kielelezo kinachotangaza mabadiliko yake, karibu sawa na ilivyokuwa katika Smalltalk. Knockout ya Steve Sanderson na AngularJS, iliyoanzishwa na Miško Hevery na kulelewa na Google, zilikwenda mbali zaidi kwa kuunganisha pande mbili: thamani ikibadilika skrini hufuata, na skrini ikibadilishwa thamani hufuata, pasipo mwandishi kuandika msikilizaji hata mmoja.

Kwa fomu ndogo, njia hiyo ilipunguza kazi kwa kiasi kikubwa. Kwa programu kubwa, onyo la mwaka 1994 lilitimia. Badiliko moja lilisababisha jingine, nalo likarudi kulibadilisha la kwanza. AngularJS yenyewe iliweka kikomo: baada ya mizunguko 10 ya ukaguzi bila thamani kutulia, ilisitisha kazi na kutoa taarifa ya kosa. Kikomo hicho kilikuwa ungamo la kimaandishi kwamba vijenzi vyenye haki sawa ya kusema vinaweza visiafikiane kamwe. Wahenga walilijua jambo hilo kabla ya kompyuta: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Mfano uliosikika zaidi ulielezwa na wahandisi wa Facebook mwaka 2014. Alama ya ujumbe ambao haujasomwa ilionyesha kwamba kuna ujumbe mpya. Mtumiaji alifungua, hakukuta kitu. Kasoro ilirekebishwa, ikatoweka, kisha ikarejea. Idadi ya ujumbe, dirisha la mazungumzo na orodha ya mazungumzo vilikuwa vijenzi vitatu, kila kimoja na njia yake ya kupata habari. Suluhisho lililopendekezwa, lililoitwa Flux, lilikuwa la kinidhamu kuliko la kiufundi: matukio yote yapite mahali pamoja, hali ibadilishwe humo tu, na mionekano ichorwe kutokana nayo. Habari iende upande mmoja. Maktaba ya React, iliyoanzishwa na Jordan Walke na kutolewa kwa umma Mei 2013, iliufanya utaratibu huo uwezekane, kwa kuwa ilikuwa nafuu kuichora upya skrini kutokana na hali nzima. Mwaka 2015 Dan Abramov na Andrew Clark walitoa Redux, iliyoiweka hali yote ya programu katika ghala moja.

Historia ya Vue, maktaba iliyotolewa na Evan You mwaka 2014, inaonyesha mwelekeo huohuo kwa njia ya mambo yaliyoondolewa. Toleo lake la kwanza lilikiruhusu kijenzi kupaza tangazo juu au chini ya mti mzima wa vijenzi. Toleo la pili la mwaka 2016 liliondoa uwezo huo. Toleo la tatu la mwaka 2020 liliondoa pia njia zilizotumiwa kutengeneza kituo huru cha matangazo. Kilichobaki kilikuwa kanuni fupi: thamani hushuka kutoka kwa mzazi, matukio hupanda kutoka kwa mtoto.

Si sahihi, hata hivyo, kuisimulia historia hii kana kwamba ghala moja lilishinda. Abramov mwenyewe aliandika mwaka 2016 kuwakumbusha wasomaji kwamba huenda hawaihitaji Redux, kwa kuwa urasimu wake una gharama. Kanuni iliyodumu ni ya wastani zaidi: hali ikae kwa mzazi wa karibu zaidi anayevibeba vijenzi vyote vinavyoitegemea, wala isikae mahali pawili.

6.0 Maana Yake kwa Kumbukumbu za Umma

Kanuni hiyo ina uzito wa pekee katika kanda ambayo mipaka ya utawala hubadilika. Rwanda ilipanga upya maeneo yake mwaka 2006, kutoka mikoa 12 hadi mikoa 4 na Jiji la Kigali, na kutoka wilaya 106 hadi 30. Kongo ilitoka mikoa 11 hadi 26 mwaka 2015, na Katanga ikagawanywa kuwa mikoa minne. Sheria ya Burundi ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, na tarafa kutoka 119 hadi 42. Fomu ambayo uhusiano wa mkoa na mji umeandikwa ndani ya kijenzi chenyewe hupitwa na wakati siku sheria inapoanza kutumika, na kila fomu hupitwa kivyake.

Mfumo wa DHIS2 unaonyesha kwa vitendo kinachohusika. Unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, kutokana na kazi iliyoanzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990, na mwaka 2011 Kenya iliueneza nchini kote kwa takwimu za afya. Uganda, Rwanda na Tanzania nazo zinautumia. Katika kuingiza data, karani huchagua kituo cha afya, kisha fomu ya taarifa inayokihusu kituo hicho, kisha kipindi. Ni mnyororo uleule wa vijenzi vilivyounganishwa. Programu zake mpya za kivinjari zimejengwa kwa React. Bila kudai urithi wa moja kwa moja, inafaa kukumbuka kwamba Reenskaug baadaye alikuwa profesa katika chuo hichohicho.

Mnyororo huo ukikatika, athari haiishii kwenye skrini. Wagonjwa wa malaria wa kituo kimoja wakiandikwa chini ya kingine, au wa Machi wakiandikwa Februari, jumla ya taifa itabaki sahihi na mgawanyo wa dawa utakosea. Kosa la aina hii ni gumu kugundua kwa sababu kila thamani, ikitazamwa peke yake, ni halali.

Kutokana na historia iliyoelezwa, wanaoagiza mifumo ya umma wanaweza kudai mambo manne bila kuwa waandishi wa programu. Kwanza, mti wa maeneo uwe mmoja kwa mifumo yote, na kila tawi libebe tarehe za kuanza na kukoma kwake. Pili, seva ihakiki mnyororo mzima wakati wa kuhifadhi, hata kama kiolesura kimekwisha kuuhakiki. Kiolesura humsaidia karani, bali hakiwezi kuwa mdhamini wa kumbukumbu. Tatu, eneo lihifadhiwe kwa msimbo wake wa pekee, si kwa jina tu, ili “Kenya” ya Lubumbashi isichanganywe na nyingine. Nne, majaribio ya kupokea mfumo yajumuishe kitendo cha kubadilisha mzazi baada ya mtoto kuchaguliwa, tena kwa mtandao uliopunguzwa kasi kwa makusudi.

7.0 Hitimisho

Kati ya mwaka 1979 na 2020 zana zilibadilika mara nyingi, lakini swali halikubadilika. Seva ya kwanza ya wavuti ililijibu kwa kuwanyima vijenzi sauti; JavaScript iliwapa vyote sauti; miaka iliyofuata ilitumika kujifunza jinsi ya kuigawa sauti hiyo. Waliofanikiwa walikubaliana na wazo la waraka wa 1979 kwamba vinavyoonyesha jambo lilelile havipaswi kuambizana, bali viulize mahali pamoja.

Wazo hilo lina mpaka wake, na katika kanda hii mpaka huo uko karibu. Makarani wawili wa afya wenye simu zisizo na mtandao, kila mmoja akiwa na nakala ya hali kama ilivyokuwa asubuhi, hawana mahali pamoja pa kuuliza hadi jioni watakapofika palipo na mawimbi. Wote wawili wanaweza kumsajili mtoto yuleyule, na kila simu itakuwa imefuata kanuni ya upande mmoja bila kasoro. Kuamua nakala ipi ishike ni uamuzi wa kiutawala kabla ya kuwa wa kiufundi, na unapaswa kufanywa na wenye dhamana ya kumbukumbu hizo kabla mfumo haujaagizwa.